Gambuti za Mgonjwa wa Mfano

Tusidanganyane: Nasimiyu alikuwa amekuja kwa ajili ya pointi. Na nani hakuja kwa ajili ya pointi? Manesi, matabibu, madaktari wa kliniki ndogo ndogo za Ngong Road na Kangemi, wote walikuwa wamejaa katika ukumbi wa hoteli moja katikati ya jiji Jumamosi asubuhi, kwa sababu leseni haitoki bila pointi, na pointi hazitoki bila kukaa kitini ukafundishwa. Ukifika unaandikisha jina, unapewa kalamu ya kampuni ya dawa, unakunywa chai kwa sambusa, halafu kama ulikuwa zamu ya usiku unatafuta kiti cha nyuma kabisa ulale kwa heshima. Nasimiyu alikuwa zamu ya usiku, na kiti cha nyuma alikipata.

Lakini hakuwa mvivu, msimfikirie vibaya. Tangu aanze unesi pale kliniki ya Adams Arcade aliyapenda masomo haya, na zaidi ya yote aliipenda sehemu ya mwisho, ya mgonjwa wa mfano. Hapo daktari mmoja husimama mbele na kusimulia habari za mgonjwa wa kweli aliyeharibikiwa mikononi mwa watu wa kweli, ili wengine wasije wakarudia kosa lile. Kabla ya kuanza kila mtu hutia saini kwamba anakubali kanuni: hakuna jina, hakuna lawama, na yanayosemwa humu hayatoki humu. Nasimiyu alikuwa ametia saini hiyo mara nyingi, na mambo aliyojifunza hapo yalikuwa yamemsaidia kuokoa watu.

Siku hiyo, hata hivyo, akili yake ilikuwa nyumbani. Saa tisa alasiri kulikuwa na kikao cha familia kwake Kawangware. Mama yake alikuwa ameshafika kutoka Webuye, na baba mdogo Obuya ndiye angekiongoza. Ajenda ilikuwa moja: watoto wa marehemu kaka yake, Emmah na mdogo wake, wakae kwa nani.

Kaka yake alikuwa Haron Were, mtunza bustani katika nyumba moja ya matajiri huko Kitisuru, mtu wa mzaha, mtu wa kuimba akikata ua. Moyo wake ulisimama mwaka jana katika hospitali moja ndogo ya upande wa Muthangari. Walipokwenda kuuchukua mwili, daktari wa zamu aliwapa sentensi moja tu: mgonjwa alifika akiwa amechelewa. Nasimiyu, kwa kuwa ndiye wa hospitali katika familia, ndiye aliyeibeba sentensi ile mpaka Webuye na kuifafanua mazishini. Moyo ukishikwa, aliwaeleza wazee, mtu anatakiwa kufikishwa haraka. Angefikishwa mapema labda angepona. Sasa nani alikuwa wa kumfikisha? Macho yote yakamgeukia Mercyline, mkewe, aliyemsikia usiku kucha akilalamikia tumbo na asimpeleke mpaka asubuhi.

Mercyline alijitetea, maskini. Alisema walikwenda hospitali ile ile jana yake mchana. Alisema Haron alifungwa nyaya kifuani, mashine ikatoa karatasi, kisha wakapewa dawa ya vidonda vya tumbo na kuambiwa warudi nyumbani. Kadi ya matibabu ilikuwa ya mwajiri, kwa hiyo hata risiti hakuwa nayo. Na aliyemjibu hakuwa mama mkwe, wala hakuwa mzee yeyote. Alikuwa Nasimiyu.

"Mama Emmah, usitudanganye," alimwambia mbele ya watu. "Mtu akifungwa nyaya, ile karatasi inasomwa. Moyo ukiwa na shida inaonekana. Hakuna mtu wa hospitali anaweza kuona hiyo karatasi halafu akuambie uende nyumbani."

Alisema hivyo kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, na aliamini kila neno. Mama mkwe akawazuia watoto siku hiyo hiyo. Mercyline akarudi Nairobi peke yake, kufulia watu nguo Kangemi, na leo alikuwa anakuja kuwaomba watoto aliowazaa mwenyewe. Nasimiyu ndiye angetakiwa kusema neno la mwisho kuhusu jinsi Haron alivyokufa. Maneno alikuwa ameshayapanga kichwani: watoto wabaki Webuye kwa bibi yao, na mama yao awe anakwenda kuwaona.

"Sista, amka," Quincy alimnong'oneza. Quincy alikuwa tabibu, wakifanya kazi pamoja pale kliniki, kijana mcheshi wa kula sambusa za wenzake. "Wachira anapanda. Leo utacheka, bana."

Dakta Wachira alikuwa bingwa wa moyo, mnene, mchangamfu, na tai yake haikuwahi kukaa sawa hata siku moja. Nasimiyu alimpenda kwa sababu hakuwa na madharau. Nesi akiuliza swali, alimjibu sawasawa na vile angemjibu profesa. Alibonyeza kitu mkononi na slaidi ya kwanza ikatokea ukutani.

"Mgonjwa wetu wa leo," alisema. "Mwanamume, miaka arobaini na mmoja. Mtunza bustani, Kitisuru."

Nasimiyu aliinua kichwa, kisha akakirudisha. Kitisuru imejaa bustani, na kila bustani ina mtu wake.

"Analalamika nini? Tumbo. Hapa juu, chini ya kifua. Jasho linamtoka, lakini ni mtu wa jembe, kutoka jasho si ajabu, sivyo? Basi anaambiwa apande kitandani avue viatu. Na viatu vyenyewe ni gambuti, vile virefu vya mpira. Jamani, akakataa! Nawasomea vile nesi alivyoandika: 'Sista, miguu haina kesi na mtu, wacha ikae huko ndani. Shida iko hapa juu.'"

Ukumbi ukacheka. Dakta Wachira alingoja watulie, maana alijua kazi yake. "Na hapa pembeni nesi ameongeza: soksi huenda zimetoboka."

Wakacheka zaidi. Nasimiyu naye alicheka, tena kicheko cha kutoka tumboni, mpaka akajifuta macho. Aliwajua wanaume wa aina hiyo. Nusu ya wanaume wa kwao walikuwa hivyo: afadhali afe kuliko nesi aone kidole chake cha mguu.

"Ngojeni, bado," Dakta Wachira alisema. "Anaulizwa, tukihitaji kumpigia mtu wako simu, tumpigie nani? Anasema, 'Niko na dada yangu, ni nesi, lakini yeye msimpigie. Atanigombeza.'"

Hapo ukumbi ulivunjika mbavu. Quincy alimgonga Nasimiyu begani. "Huyo dada ni wewe kabisa!"

Nasimiyu hakucheka tena. Kalamu ya kampuni ya dawa ilimwanguka ikabingirika chini ya viti. Alijaribu kujiambia kwamba manesi wenye kaka ni wengi. Lakini alijua. Haron alikuwa akimpigia simu kwa kila kitu, kikohozi, jipu, mwiba wa waridi, na yeye alikuwa akimgombeza kila mara: Haron, mimi si duka la dawa, niko kazini. Kumbe maneno hayo yalikuwa yamemwingia.

Slaidi ikabadilika. Ukutani ikatokea karatasi ya mashine ya moyo, kubwa, jina limefunikwa kwa wino mweusi. Tarehe haikufunikwa. Ilikuwa ya jana yake, ile siku ambayo Mercyline aliapa mbele ya kaburi kwamba walikwenda.

Dakta Wachira hakuwa anachekesha tena. Alieleza taratibu. Karatasi ilitoka mashineni wakati zamu zikibadilishana. Nesi aliyekuwa anatoka aliiweka ndani ya faili akijua anayeingia ataiona. Aliyeingia alikuta mgonjwa ameshaandikiwa dawa ya vidonda vya tumbo, akadhani karatasi imeshasomwa. Tabibu naye hakukumbuka kama aliiagiza. Mgonjwa akashukuru, akaenda nyumbani. Kesho yake alfajiri alirudi amebebwa, na hawakuweza kumwokoa.

"Angalieni mistari hii," alisema, akiielekeza kwa taa nyekundu. "Mwanafunzi angeiona. Mkewe alimleta kwa wakati. Andikeni hilo, tafadhali. Mgonjwa huyu hakuchelewa. Sisi ndio tulichelewa."

Na wote wakaandika. Sauti ya kalamu ilisikika ukumbi mzima. Nasimiyu aliwatazama wakiandika kitu ambacho Mercyline alikipigia kelele kwenye matanga mpaka sauti ikamkauka, na yeye, Nasimiyu, ndiye aliyemnyamazisha. Hasira ilimpanda, lakini haikujua imshike nani, ikarudi na kumkaba yeye mwenyewe.

Ulipofika wakati wa maswali alijikuta amesimama. Kipaza sauti kikapitishwa mpaka nyuma.

"Daktari, asante. Nilitaka kuuliza. Familia iliambiwa nini?"

Dakta Wachira alipekua karatasi zake, ingawa ilionekana hakuwa anatafuta chochote. "Nadhani waliambiwa kwamba mgonjwa alifika akiwa amechelewa. Ambayo, kwa ile mara ya pili, ni kweli."

Mtu fulani alicheka kidogo, kicheko kikamfia mdomoni.

"Ni swali zuri la maadili," Dakta Wachira aliendelea, "siku moja tulifanyie kikao chake. Lakini leo tubaki kwenye moyo. Nani mwingine?"

Kipaza sauti kikaondolewa mkononi mwake. Nasimiyu akaketi. Quincy alikuwa akimwangalia na hakuwa na mzaha wowote. "Sista, uko sawa?" aliuliza, na Nasimiyu akamwambia hapana, hayuko sawa.

Alimngoja Dakta Wachira kwenye korido, kando ya meza ya vikombe vichafu. Watu walimzunguka wakimshukuru, wakimwomba namba. Walipopungua akamsogelea.

"Daktari, yule mgonjwa anaitwa Haron Were. Mimi ndiye yule dada wa kugombeza."

Alimwona mtu mzima akibadilika rangi. Akalegeza tai. "Mungu wangu," alisema. "Sista, pole. Pole sana. Ningejua..." Hakumaliza. Angejua angefanya nini? Angemchagua mgonjwa wa dada mwingine, basi.

"Sitaki pole," Nasimiyu alisema. "Saa tisa familia yangu inakaa kuamua watoto wake waende wapi. Mkewe amenyang'anywa watoto kwa sababu ya ile sentensi yenu. Naomba umpigie mama yangu simu. Mwambie maneno uliyotuambia sasa hivi. Alikuja jana yake, basi. Hata jina lako usitaje."

Dakta Wachira alimshika kiwiko akamsogeza mbali na watu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuumiza Nasimiyu. Angekuwa mbaya ingekuwa rahisi.

"Sikiliza. Mimi sikumhudumia. Hospitali ilinipa kesi hii kwa sharti la ile kanuni. Yule nesi aliyeiweka karatasi kwenye faili, nilikaa naye. Alilia mpaka nikashindwa kuandika. Alinieleza yote kwa sababu nilimwahidi haitatoka. Nikiitoa nje leo, kesho nani ataniletea kosa lake? Hakuna. Watayafukia, na watu watakufa kwa makosa yale yale. Unaelewa?"

Nasimiyu alielewa. Alielewa kupita kiasi. Yeye mwenyewe alikuwa ameweka karatasi ngapi kwenye faili, begi likiwa begani, akijua anayeingia ataiona? Kwa nesi yule hakuweza kupata hata chembe ya chuki, na alikuwa ameitafuta.

"Na sisi?" aliuliza. "Kanuni yetu sisi ni gani?"

"Familia inaweza kuandikia hospitali, iombe faili. Kuna njia ya kisheria."

"Leo saa tisa, Daktari."

Aliangalia chini. "Na wewe ulitia saini, Sista," alisema kwa upole. Hakuwa anamtisha, alikuwa anamkumbusha tu. "Ukisema ulikoyasikia, watakuuliza. Hata mwajiri wako atakuuliza. Ifikirie leseni yako."

Nasimiyu alimwambia asante, kwa sababu mdomo umezoea. Ili pointi zihesabiwe ilitakiwa ujiandikishe tena ukitoka, na Quincy alikuwa ameshapanga foleni, akimwashiria kwamba amemshikia nafasi. Alimpita. Aliteremka ngazi akatoka nje kwenye jua na kelele za mji, na pointi zake akaziacha huko juu.

Nyumbani alimkuta mama yake amekaa kwenye kiti kizuri, leso kiunoni, akimenya karanga kwenye sinia kana kwamba amekuja kutembea tu. Baba mdogo Obuya alikuwa ameshika kofia magotini. Mercyline aliketi kwenye kigoda karibu na mlango. Alikuwa amekonda, mikono imechubuka kwa sabuni, na chai aliyowekewa hakuigusa.

Baba mdogo aliomba kwa ufupi, akawashukuru kwa kufika, akasema hataki makelele. "Watoto ni wetu sote," alisema. "Lakini kuna neno ambalo limekaa katikati yetu tangu matanga. Sista wetu ndiye anajua mambo ya hospitali. Tumsikie kwanza, halafu tuamue."

"Haya, ongea, tumalize," mama alisema. "Mambo yenyewe unayajua."

Nasimiyu alisimama. Alikuwa na njia ya kuponea, na aliiona wazi: angeweza kusema nimefikiria sana, nimesamehe, mpeni watoto wake. Mercyline angepata watoto, leseni ingebaki salama. Ila Mercyline angeondoka hapo akiwa mwanamke aliyesamehewa kwa kumuua mumewe. Alimtazama akiwa pale kwenye kigoda, macho sakafuni, akingoja kuhukumiwa na mtu yule yule.

"Mama, nilikosea," alisema. "Mama Emmah alisema ukweli. Walikwenda jana yake. Haron alifungwa nyaya, karatasi ikatoka, na ilionyesha moyo. Hakuna aliyeisoma. Wakampa dawa ya vidonda vya tumbo wakamrudisha nyumbani."

Karanga zilinyamaza kwenye sinia. Mercyline hakuinua kichwa.

"Nani amekuambia?" mama aliuliza.

"Nimeiona hiyo karatasi kwa macho yangu. Leo."

"Umeionea wapi?" Baba mdogo alisogea mbele. "Nasimiyu, haya si maneno ya kuokota. Hapo matangani ulituambia haiwezekani. Leo inawezekana. Tushike gani?"

Basi akawaambia. Aliwaambia ya hoteli, ya ukumbi, ya Dakta Wachira na taa yake nyekundu, ya karatasi iliyojaa ukuta mzima. Aliwaambia na ile saini, na kwamba kwa kusema haya anaweza kupoteza kazi. Alilia akisema, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Mama yake alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayetaka kuelewa bei ya kitu sokoni.

"Kwa hiyo madaktari wanakaa pamoja, wanasema tulikosea hivi na hivi. Wanajua."

"Ndiyo, Mama."

"Halafu wanakunywa chai."

"Ndiyo."

"Na wewe huenda huko kila mara."

"Huenda, Mama. Ni lazima."

"Na kila mara kuna mtu wa kuonyeshwa kwa ukuta?"

"Kila mara."

"Na hao wengine, watu wao huambiwa?"

Wagonjwa wa mfano wa miaka yote waligeuka nyuso mbele ya Nasimiyu, ingawa hakuwa amewahi kuona hata mmoja: mama wa mapacha, mzee wa kisukari, msichana wa chuo, wote wale aliowaandika akafurahi kwamba amejifunza. "Sijui," alisema. "Sijawahi kuuliza."

Baba mdogo Obuya aligeuza kofia yake, akaigeuza tena. Kisha akasema kilichopaswa kusemwa: kwamba neno lililokaa katikati limeondoka, kwamba watoto ni wa mama yao na warudi kwake shule zikifungwa, na kwamba familia imemkosea huyu mama na itamwendea kwa heshima. Alisema vizuri. Ilikuwa kana kwamba kikao kimekwisha.

"Niliwaambia," mama alisema.

"Uliambia nani, shemeji?"

"Watoto. Emmah aliniuliza mbona mama yake haji. Nikamwambia mama yako ndiye aliacha baba yako akufe." Aliziangalia karanga. "Sasa akisikia jina la mama yake anatoka nje."

Mercyline aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. Nasimiyu alidhani atapiga kelele, na alitamani apige. Hakupiga.

"Utamwambia vingine," Mercyline alisema. "Wewe mwenyewe, Mama, na hiyo mdomo ulimwambia nayo. Mimi sitamwambia. Mimi nitakuja tu kuchukua."

"Nitamwambia," mama alisema.

"Na asikuamini utamwambia tena."

"Nitamwambia tena."

Mercyline akatikisa kichwa kukubali. Alifunga leso yake vizuri, kama mtu anayetaka kuinuka, halafu akabaki ameketi na kumgeukia Nasimiyu. Tangu matanga hakuwa amemtazama usoni.

"Umesema huko hawataji jina. Ulijuaje ni yeye?"

"Kwa maneno yake. Waliyasoma. Alikataa kuvua gambuti."

"Ee. Alikataa." Kitu fulani kilipita usoni mwa Mercyline, karibu na tabasamu. "Wao wakasema alikataa kwa nini?"

"Walisema soksi huenda zilikuwa zimetoboka."

"Wakacheka?"

"Walicheka."

"Na wewe?"

Angeweza kusema hapana. Hakuna mtu hapo ambaye angejua. Mama yake alikuwa anamtazama, baba mdogo alikuwa anamtazama, na siku hiyo alikuwa amesema ukweli mwingi kiasi kwamba uongo mdogo ungepita bila kuonekana.

"Nilicheka," alisema. "Sikuwa nimejua bado."

Mercyline hakukasirika, na Nasimiyu angelipa chochote ili akasirike.

"Soksi zilikuwa zangu," Mercyline alisema mwishowe. "Mvua ilikuwa imenyesha, zake zote zilikuwa zimelowa. Nikampa zangu za rangi ya waridi, ziko na maua hapa kando. Tukienda njiani alikuwa anaumwa hivyo na bado ananichekesha, ananiambia, wakinivua hizi nitakufa na aibu. Zilikuwa mpya. Nilinunua soko la Toi wiki hiyo."

Mama alijifunika uso kwa leso. Nje mtoto wa jirani alikuwa anaitwa aje kuoga, na alikuwa anakataa.

Mercyline aliinuka, akawaaga wazee mmoja mmoja kwa mkono, kwa heshima zote, mpaka akamfikia Nasimiyu pale mlangoni.

"Siku utarudi kwa hayo masomo yenu, waambie," alisema. "Hazikuwa zimetoboka."

Nasimiyu alisema atawaambia. Mercyline akainama, akavaa viatu vyake, akaenda zake.